Waya Ukikatika, Kidhibiti Huona Nini?

Weka karibu nawe karatasi na kalamu ya risasi, maana leo tutachora. Na kama una mwenzio kazini asiye na redio, mwite aje asikilize pamoja nawe. Somo la leo ni jepesi kulisikia, lakini likikosewa kiwandani laweza kumpotezea mtu mkono wake.

Juma lililopita tulizungumza habari za relei. Tuliona kwamba koili ikipata umeme huvuta ulimi wa chuma, na ulimi ule hugusanisha vigusio au huviachanisha. Tuliona pia kwamba mtu akiziunga relei nyingi pamoja anaweza kuiagiza mashine: anza hiki, ngoja kile, tangi likijaa simama. Leo tunaingia katika chombo kilichochukua kazi ya zile relei. Sisi tutakiita kidhibiti. Mafundi wengi hukiita PLC, na ukienda dukani ukasema hivyo utaeleweka.

Chombo hiki kilizaliwa Marekani, katika viwanda vya magari. Mwaka 1968 idara ya General Motors iliyokuwa ikitengeneza giaboksi, iliyoitwa Hydra-Matic, ilikuwa imechoka na makabati yaliyojaa relei. Kila muundo wa gari ulipobadilika, mafundi walilazimika kung'oa nyaya na kuzifunga upya. Wakaomba chombo ambacho amri zake zingeweza kubadilishwa bila kugusa nyaya. Kampuni ndogo ya Bedford Associates ya jimbo la Massachusetts, ambamo alikuwamo mhandisi Dick Morley, ilitengeneza kidhibiti kilichoitwa Modicon 084. Namba ile yatokana na kwamba ilikuwa kazi ya 84 ya kampuni hiyo. Kilitoka mwaka 1969. Na walifanya jambo moja la busara: hawakumlazimisha fundi wa umeme kujifunza lugha ngeni ya kompyuta. Waliacha programu ichorwe kama ile michoro ya relei aliyokwisha kuizoea. Ndiyo maana hata leo, katika vidhibiti vya kampuni nyingi, utakutana na mchoro uleule, unaofanana na ngazi ya kupandia.

Haya, tukitazame chenyewe. Ni kisanduku. Upande mmoja kina safu ya skurubu za kufungia nyaya zinazoleta habari kutoka kwenye mashine. Hiyo ndiyo milango ya kuingilia. Upande wa pili kina safu nyingine ya nyaya zinazopeleka amri. Hiyo ni milango ya kutokea. Katikati kuna kompyuta ndogo yenye programu uliyoiandika wewe.

Sasa shika neno hili. Kwenye mlango wa kuingilia kidhibiti hakioni kitufe, wala boya, wala maji. Huona umeme upo au haupo, basi. Mara nyingi umeme wenyewe ni wa volti 24. Ukiwapo, kidhibiti huandika 1. Usipokuwapo, huandika 0. Kwa nini haupo, hakijui. Huenda mtu amebonyeza kitufe, huenda panya ametafuna waya, huenda fyuzi imeungua. Kwake yote matatu ni 0 ileile.

Ili uelewe jinsi kinavyofanya kazi, mfikirie karani aliyefungiwa ndani ya chumba chenye madirisha mawili. Kwanza hufungua dirisha la mbele, hutazama nje upesi, na kuandika katika daftari hali ya kila swichi: hii 1, hii 0, hii 1. Kisha hulifunga dirisha. Halafu huisoma programu toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, huku akitazama daftari lake tu, wala hatazami nje tena. Akimaliza hufungua dirisha la nyuma na kutoa amri zote kwa mara moja: washa pampu, zima taa, fungua vali. Kisha hurudi dirisha la mbele na kuanza upya. Mzunguko huo mzima mara nyingi huchukua milisekunde chache tu. Ukichukua milisekunde 10, karani huyu huzunguka mara 100 kwa sekunde moja.

Utasema, basi ni kama papo hapo. Karibu, lakini si sawasawa. Kitu kikipita mbele ya kihisio kwa milisekunde 3 tu, huenda kikapita wakati dirisha limefungwa, na karani asijue kwamba kilipita. Anayehesabu chupa zinazokwenda mbio lazima alijue hilo, naye hutumia mlango maalum wa kuhesabia haraka. Kwa pampu ya maji haina neno.

Na tuichukue pampu hiyo iwe mfano wetu. Kuna kiwanda chenye tangi la juu. Pampu hupandisha maji toka chini. Kuna kitufe cha kijani cha kuanzisha, kitufe chekundu cha kusimamisha, na boya lenye swichi karibu na ukingo wa tangi. Boya likiinuliwa na maji, pampu isimame.

Kabla ya kuchora, nina neno moja juu ya lugha yetu. Sisi husema "fungua bomba" tukitaka maji yaje, na "fungua redio" tukitaka iseme. Lakini fundi wa umeme akisema swichi imefunguka, maana yake njia imekatika na umeme haupiti. Maneno ni yaleyale, maana zimepishana kabisa, na nimesikia wanafunzi wakibishana saa nzima kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo katika somo hili hatutasema kufungua wala kufunga tunapotaja swichi. Tutasema vigusio vinagusana au vimeachana.

Sasa chora. Piga mistari miwili ya wima, mmoja kushoto na mmoja kulia, kama miti miwili ya ngazi. Baina yao piga kidato kimoja cha mlalo. Juu ya kidato hicho, toka kushoto, weka alama tatu za vigusio: cha kwanza andika "simamisha", cha pili "anzisha", cha tatu "boya". Mwisho kabisa, karibu na mti wa kulia, chora duara na uandike "pampu". Chini ya kigusio cha "anzisha" chora njia ya kando inayokizunguka, na katika njia hiyo weka kigusio kingine chenye jina "pampu".

Karani anakisoma hivi: ikiwa simamisha ni 1, na anzisha ni 1 au pampu yenyewe tayari inakwenda, na boya ni 1, basi pampu iende. Ile njia ya kando ndiyo inayomwezesha mtu kubonyeza kijani mara moja na kuondoa kidole. Pampu ikishaanza, hujishikilia yenyewe.

Lakini ngoja. Umesikia nimesema simamisha iwe 1 ndipo pampu iende? Na boya vilevile? Hapo ndipo penye somo la leo.

Kitufe cha kusimamisha chaweza kuwa cha namna mbili. Cha kwanza, vigusio vimeachana siku zote, na ukibonyeza vinagusana. Cha pili, vigusio vinagusana siku zote, na ukibonyeza vinaachana. Kwa kitufe cha kusimamisha tumia hiki cha pili. Kitufe kikiwa kimetulia, umeme wa volti 24 unapita na mlango una 1, maana yake "hakuna aliyesema simama, na waya ni mzima". Mtu akibonyeza, umeme hukatika, mlango unakuwa 0, pampu inasimama. Waya ukikatika wenyewe, mlango unakuwa 0, na pampu inasimama pia. Boya nalo liunge vivyo hivyo: ligusane wakati tangi halijajaa, liachane likiinuka.

Sasa sikiliza mtego unaowanasa wengi. Katika programu kuna alama mbili za vigusio. Moja ni ya kawaida, ambayo hupitisha mlango ukiwa 1. Nyingine ina mstari wa mshazari uliokata katikati. Hiyo ni ya kinyume, nayo hupitisha mlango ukiwa 0. Mwanafunzi ameshika mkononi kitufe ambacho kikibonyezwa kinakata. Anafikiri, "Kitu hiki ni cha kukata, basi na katika programu nitachora alama ya kinyume." Anachora. Anawasha. Anabonyeza kijani, pampu haiendi. Kwa nini? Kitufe chekundu kimetulia, mlango una 1, na alama ya kinyume haipitishi kwenye 1. Programu inaona kama mtu amekalia kitufe cha kusimamisha mchana kutwa.

Dawa iliyo sawa ni kuibadili alama katika programu iwe ya kawaida. Ni kazi ya nusu dakika. Lakini mwingine huchukua bisibisi, akakifungua kitufe, akatia vigusio vya namna ya kwanza, vile vinavyogusana ukibonyeza. Anajaribu: kijani, pampu inakwenda, chekundu, pampu inasimama. Anafurahi, anatia sahihi, anakwenda nyumbani. Na mtu yeyote akija kujaribu mashine ile siku hiyo ataiona haina kasoro.

Miezi inapita. Mashine inatikisika, skurubu inalegea, waya unachomoka. Hakuna anayejua, kwa maana mlango ulikuwa 0 jana na ni 0 leo. Ndipo siku moja mtu anabonyeza kitufe chekundu. Anabonyeza tena. Umeme haufiki, karani anaandika 0 kama kawaida yake, na mashine inaendelea. Ikiwa ni pampu, maji yamwagika. Ikiwa ni mashine ya kukanda unga, au mkanda wa kusafirisha mizigo, na mwenzako amenaswa na shati, wewe waza mwenyewe.

Kwa hiyo unapokabidhiwa mashine, usitosheke na kubonyeza vitufe. Mwombe fundi mkuu ruhusa, mashine iende bila mzigo, watu wakae mbali, kisha chomoa waya mmoja wa kitufe cha kusimamisha kwenye mlango wa kidhibiti. Mashine isimame palepale. Isiposimama, usiipokee hata kama rangi yake inang'aa.

Msikilizaji mwenye akili kali atauliza: je, waya huo badala ya kukatika, ukichunika na kugusana na waya mwingine wenye volti 24? Swali zuri sana. Hapo mlango utabaki na 1 daima, na ule mpango wetu hautasaidia. Ndiyo sababu kitufe cha hatari, kile kikubwa chekundu chenye kichwa kama uyoga juu ya kibao cha manjano, hakiachiwi kidhibiti cha kawaida peke yake. Kile huwa na jozi mbili za vigusio na nyaya mbalimbali, huenda kwenye relei maalum ya usalama inayolinganisha njia zote mbili, na relei hiyo hukata umeme wa kontakta moja kwa moja. Kidhibiti hupewa habari tu, kwamba kitufe kimebonyezwa. Mwenye mali atakwambia relei hiyo ni ghali. Mwambie ndiyo, ni ghali.

Turudi kwenye kidato chetu, kwani kina fadhila nyingine. Umeme wa kiwanda ukikatika, pampu inasimama, na kule kujishikilia kunaachia. Umeme ukirudi, pampu haianzi yenyewe. Yangoja mtu abonyeze kijani. Ni vyema hivyo, kwa kuwa umeme ukikatika ndipo watu hupata nafasi ya kuingiza mikono ndani ya mashine kusafisha. Kuna amri nyingine katika vidhibiti ya kuweka na kuondoa, ambayo huweza kukumbuka hali hata umeme ukikatika. Inafaa kwa kukumbuka hesabu ya magunia. Kwa kuendeshea mota mimi siipendi.

Kosa jingine la wanaoanza: kuandika duara la "pampu" mara mbili, kidato cha 3 na tena kidato cha 20. Wadhani ama hiki ama kile kitaiwasha. Sivyo. Karani husoma hadi mwisho ndipo atoe amri, na neno la mwisho hulifuta la kwanza. Kidato cha 3 kikisema 1 na cha 20 kikasema 0, pampu haiendi, na utakesha ukikitazama kidato cha 3 bila kuona ubaya wake. Duara moja kwa kila kitu, na sababu zote zikusanyike katika kidato kimoja.

Na usisahau kwamba amri iliyotoka si lazima iwe imetendeka. Vigusio vya kontakta huweza kuungana kwa joto. Kidhibiti kimesema 0, mota bado yazunguka. Chukua kigusio kidogo cha pembeni mwa kontakta, ukirudishe kwenye mlango wa kuingilia. Programu ikiona imesema 0 na baada ya sekunde moja kontakta bado inajibu 1, ipige kengele.

Sasa, kuna habari zisizo za ndiyo na hapana. Kina cha maji, joto, kani ya mvuke, hizo ni za kadiri. Viwandani hutumwa kwa mkondo wa umeme wa miliampea 4 hadi 20. Tuseme tangi letu lina kina cha mita 4. Likiwa tupu chombo hutuma miliampea 4, likijaa hutuma 20. Baina yake kuna hatua 16, basi kila miliampea ni sentimita 25. Ukipata miliampea 12, toa 4, zabaki 8, zidisha kwa 25, una sentimita 200. Nusu ya tangi. Ukipata 9, ni sentimita 125.

Huenda ukasema, kwa nini tusianzie 0, hesabu ingekuwa nyepesi? Sababu ni ileile ya kitufe chekundu. Kama tangi tupu lingekuwa 0, waya uliokatika nao ungekuwa 0, na kidhibiti kingedhani maji yamekwisha, kikaamuru pampu iende hadi tangi lifurike. Kwa kuwa tupu ni 4, sifuri ni kilio cha waya uliokatika. Lakini kilio hicho lazima programu yako ikisikie! Ukiandika hesabu tu bila ulinzi, miliampea 0 itakupa sentimita 100 chini ya sakafu ya tangi, na kidhibiti kitaona hiyo ni ndogo kuliko kiwango cha chini, kitawasha pampu. Kwa hiyo andika kidato cha kwanza: habari ikiwa chini ya miliampea 3.6, ni hitilafu. Simamisha pampu, piga kengele.

Nakuomba sasa twende mbali kidogo, hadi Buncefield, Uingereza, penye matangi ya mafuta. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2005 petroli ilikuwa ikiingizwa katika tangi namba 912. Kipimo cha kina kilikwama. Hakikukatika, kiliendelea kutuma namba nzuri, ila namba ileile, huku petroli ikipanda. Juu ya tangi kulikuwa na swichi ya pili, iliyojitenga na kipimo kile, ambayo kazi yake ilikuwa kukata petroli ikifika juu kabisa. Nayo haikufanya kazi. Swichi hiyo ilikuwa na wenzo wa kuijaribia, uliohitaji kufuli ili ubaki mahali pake. Kufuli halikuwekwa, na wale waliokuwa wakiitumia hawakujua lilikuwa la nini. Petroli zaidi ya lita 250,000 ilimwagika, mvuke wake ukatambaa kama ukungu, na saa 12 alfajiri ukalipuka. Watu 43 waliumia. Ilikuwa Jumapili, na ofisi za jirani zilikuwa tupu. Kwa hiyo hakufa mtu.

Tazama jinsi tukio hili linavyopita yale tuliyosema. Waya haukukatika, na mkondo haukushuka chini ya 3.6. Kipimo kilichokwama hakipatikani kwa njia hiyo. Hupatikana ukiiuliza programu swali la mwenye nyumba: pampu inakwenda dakika 5 sasa, mbona maji hayapandi? Andika kidato cha kuuliza hivyo. Anzisha saa ya programu pampu inapoanza. Muda ukipita na kina hakijaongezeka hata sentimita 5, piga kengele. Wewe ndiwe utakayechagua muda na sentimita hizo, kwa kulijua tangi lako na pampu yako. Na ile swichi ya pili, ile ya juu kabisa, iwe na waya wake, isitegemee kipimo cha kwanza, na ijaribiwe kwa kuinuliwa boya lenyewe, tarehe ikaandikwa katika kitabu.

Sasa kazi ya juma hili. Katika kiwanda chetu ongeza boya la pili, lililo katika kisima cha chini, ili pampu isizunguke pakavu. Kwanza, amua: maji yakiwapo kisimani, vigusio vya boya hilo vigusane au viachane? Pili, chora kidato upya chenye vigusio vyote vinne, pamoja na njia ya kando. Tatu, andika chini ya kila kigusio kitatokea nini waya wake ukikatika. Usishangae kuona kimoja kati ya hivyo, waya wake ukikatika, hakisimamishi pampu inayokwenda. Kitafute ni kipi, na useme kama hilo lina hatari au halina. Tutaanza nacho juma lijalo, siku na saa kama hizi. Kwaheri kwa sasa.